Muswada utafika lini bungeni? Jinsi ya kusoma ratiba ya Bunge la Uganda kabla mambo hayajaisha

Watu wengi tunausikia muswada ukishapita. Ndo hapo kelele zinaanza na ndo hapo kelele hazisaidii tena. Kumbuka ile kodi ya mitandao, OTT, shilingi 200 kwa siku: Bunge liliipitisha mwisho wa Mei 2018, ikaanza kukatwa tarehe 1 Julai, na watu wakaingia barabarani Kampala hiyo hiyo Julai, yaani wiki kadhaa baada ya wabunge kuimaliza. Kodi ya mobile money nayo ilipita kwenye sheria ile ile, asilimia moja, na ikabidi serikali irudi bungeni na muswada mwingine kuipunguza hadi nusu asilimia kwa kutoa pesa tu. Kwa hiyo kelele zilisaidia kidogo, sikatai, lakini zingekuja Aprili zingefanya kazi kubwa kuliko hiyo kwa jasho robo.

Sasa hii ni kwa yule mwenye duka Kikuubo, kiongozi wa stage ya boda, mwenyekiti wa sako, mkulima wa kahawa kule Masaka, mwanafunzi wa Makerere, yeyote anayetaka kujua muswada fulani unafika lini na nani anaamua ufike leo au ukae miaka mitano. Huhitaji kuwa wakili. Unahitaji kujua kusoma karatasi moja na kujua nani ameiandika.

Kwanza toa kichwani wazo kwamba kuna foleni

Watu wanadhani miswada inapangwa kama ilivyoingia, wa kwanza kuingia wa kwanza kutoka. Hapana. Ni kama foleni ya kituo cha afya, umefika saa kumi na mbili asubuhi na kitabu chako mkononi, halafu anapitishwa mjamzito, sawa, halafu anapitishwa aliyeumia ajali, sawa, halafu anapitishwa mtu mmoja mzima kabisa anayejuana na mhudumu, na wewe bado umekaa kwenye benchi. Bungeni ni hivyo, tofauti ni kwamba huko imeandikwa kabisa kwenye Katiba. Ibara ya 94 inasema Spika ndiye anayeamua mpangilio wa shughuli za Bunge na atatanguliza shughuli za serikali. Soma tena hapo. Atatanguliza. Si kwamba akipenda.

Ukishaelewa sentensi hiyo moja, mengi ya Bunge letu yanaeleweka. Muswada wa waziri na muswada wa mbunge binafsi vikikutana mlangoni, wa waziri unaingia kwanza. Na ndani ya miswada ya serikali yenyewe, ule ambao serikali inautaka sana mwezi huu unapita mbele ya ule ambao waziri wake hana haraka nao au haudhurii vikao.

Mfano uko wazi. Muswada wa bayoteknolojia na usalama wa viumbe ulikuwa wa mwaka 2012, ukapitishwa Oktoba 2017, na Rais akaurudisha. Marekebisho ya sheria ya jeshi la UPDF yaliingia bungeni tarehe 13 Mei 2025 na yakapitishwa tarehe 20 Mei, wiki moja tu. Bunge lile lile, Katiba ile ile. Kinachobadilika ni nani anataka nini na kwa haraka gani.

Nani hasa anapanga

Kuna Kamati ya Shughuli za Bunge. Mwenyekiti wake ni Spika mwenyewe. Ndani yake kuna Naibu Spika, Waziri Mkuu kwa kofia yake ya kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, mnadhimu mkuu wa serikali, kiongozi wa upinzani na mnadhimu wake, na wenyeviti wa kamati. Hao ndo wanakaa kupanga yatakayoingia siku zijazo na kwa mpangilio gani. Serikali inakuja na orodha yake, wenyeviti wa kamati wanasema ripoti zipi ziko tayari, upinzani unasema hayo mengine mmeyakalia tangu lini, kisha Spika anafunga hesabu.

Usije ukadhani kwamba kamati hiyo ikishapanga basi imepangika. Spika anaweza kuigeuza ratiba akiwa pale pale kwenye kiti. Utamsikia akisema tunarekebisha oda pepa (ndo hiyo karatasi ya ratiba ya kikao) tuweke jambo fulani, au tunaruka namba nne tunaenda namba saba kwa sababu waziri wa namba nne hayupo. Kwa hiyo karatasi uliyoiona asubuhi si lazima iwe ndo kikao utakachokiona saa nane mchana.

Halafu kuna meza ambayo haimo kwenye kanuni yoyote nayo ni kokasi ya chama tawala, yaani kikao cha ndani cha wabunge wa chama hicho, NRM. Ukisikia wabunge wa NRM wameitwa State House Entebbe au Kololo, na kuna muswada mkubwa uliokuwa umelala, basi shika kalamu. Kwa maoni yangu hiyo ni ishara kubwa kuliko chochote kilichoandikwa kwenye oda pepa. Muswada wa ndoa na talaka ulikuwa tayari unajadiliwa bungeni mwaka 2013, wabunge wakarudi majimboni kusikia watu, chama kikakaa, na ukawekwa pembeni. Hakuna mtu aliyeupigia kura ya kuukataa, ulitolewa tu kwenye ratiba. Kumbe muswada unaweza kufa hivyo, bila kura, bila matangazo, bila mazishi.

Uudake ukiwa bado mbali

Muswada wa serikali una safari ndefu kabla haujafika bungeni. Wizara inapeleka kanuni zake za msingi Baraza la Mawaziri, zikikubaliwa unaandikwa na waandishi wa sheria wa Wizara ya Sheria, unarudi Baraza, kisha unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Hapo ndo unakuwa muswada wa kweli mwenye namba na mwaka.

Mahali rahisi pa kuanzia ni hotuba ya Rais ya hali ya taifa, ile ya kufungua kila kikao kipya cha mwaka, kwa kawaida Juni. Mara nyingi inatajwa humo orodha ya miswada ambayo serikali inataka kuleta mwaka huo. Watu wanasikiliza siasa na vichekesho wanaacha orodha. Wewe chukua orodha. Siyo yote itafika, mingine utaiona kwenye orodha mwaka huu na mwaka ujao tena, lakini ukiona neno linalogusa biashara yako au ardhi yako hapo, tayari uko miezi mbele ya wengine.

Hatua ya pili ni kusomwa mara ya kwanza. Ukiangalia kwenye televisheni unaweza kukosa kabisa ukiinama kuchukua chai. Waziri anasimama, anataja jina la muswada, anasema umeambatana na cheti cha athari za kifedha, anauweka mezani, Spika anataja utakwenda kamati ipi, waziri anakaa. Hakuna mjadala. Dakika moja au mbili.

Lakini hiyo dakika ndo inaanzisha saa. Kuanzia hapo kamati ina siku 45 kuleta ripoti. Andika tarehe kwenye kalenda, hesabu 45, weka alama. Ikishindwa inaomba muda wa nyongeza, na ikishindwa tena Bunge lina ruhusa ya kuendelea na muswada bila kuisubiri. Kwa kweli kuna miswada inalala kamatini kupita muda huo mara nyingi tu na hakuna anayepiga filimbi. Na upande mwingine siku 45 ni kikomo cha juu, hakuna kikomo cha chini, ndo maana ule wa UPDF ulimalizika kwa wiki. Kwa hiyo usije ukakaa raha ukisema bado nina siku 45. Huna. Una kuanzia kesho.

Kamatini ndiko kwa kusema

Hapa nitakaa kidogo maana ndo mahali mtu wa kawaida ana nguvu. Ukumbini huwezi kusema, unakaa juu kwenye jukwaa la wageni kimya. Kamatini unaweza kuandika, unaweza kuitwa, unaweza kukaa mezani na mwenyekiti akakuuliza swali.

Miswada ya kodi inakwenda Kamati ya Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi. Mambo ya sheria na uchaguzi yanakwenda Kamati ya Sheria na Masuala ya Bunge. Afya kwa afya, kilimo kwa kilimo, na kadhalika. Mingine inapelekwa kamati mbili kwa pamoja.

Kila kamati ina karani wake, na huyo ndo mtu wa kumtafuta, si mbunge. Mama mmoja anayeuza mitumba Owino aliwahi kuniuliza, mwanangu, sasa mimi nimpigie nani, mheshimiwa hashiki simu? Nikamwambia mama, mwache mheshimiwa, tafuta karani wa kamati, yeye ndo anapanga nani anakuja Jumanne na nani Jumatano, yeye ndo anapokea barua za maoni na kuziweka kwenye faili ambalo ripoti itaandikwa kutokana nalo. Akashangaa kwamba mtu huyo yupo.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja muswada kwa jina lake lote na mwaka. Taja kifungu kwa namba. Sema kifungu kinasemaje, kitaumiza vipi, na unataka kiandikwe vipi badala yake, yaani maneno kamili. Kamati inapokea kurasa na kurasa za malalamiko kwamba serikali haitupendi, hizo hazina pa kuingia kwenye ripoti, lakini sentensi inayosema futa kifungu cha 4 au weka asilimia hii badala ya ile, hiyo mbunge anaweza kuinyanyua kama ilivyo akaipeleka ukumbini. Nakala mpe pia mbunge wako na mbunge wa upinzani aliye kwenye kamati hiyo, maana wasiokubaliana na wengi wana haki ya kuandika ripoti ya wachache na mara nyingine maneno yako yanaishi humo tu.

Sasa karatasi yenyewe

Oda pepa inatolewa na ofisi ya Katibu wa Bunge na inawekwa kwenye tovuti ya Bunge, na wabunge na waandishi wa habari wanaisambaza watsapu, twita, kila mahali. Bunge linakaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi kuanzia saa nane mchana, ila wakati wa bajeti unaweza kukuta wameitwa hata asubuhi au siku nyingine. Imeandikwa kwa Kiingereza chote, kwa hiyo nitataja maneno yale utakayoyaona.

Juu kuna kikao cha ngapi na tarehe. Namba ya kwanza ni sala. Ya pili ni mawasiliano ya Spika. Hii ya pili iheshimu, inaonekana kama salamu tu lakini inaweza kula saa nzima, Spika anatoa rambirambi, anawakaribisha wageni walioko juu, watoto wa shule kutoka Kapchorwa na kikundi cha akina mama kutoka Lira, kisha wabunge wanaanza kuleta mambo ya dharura ya majimbo yao, tembo wamekula mashamba, daraja limekwenda na mvua, umeme haupo wiki ya pili. Yote ya kweli na yote yanastahili, ila muda unakwenda na muswada wako uko namba sita.

Halafu kuna kuweka nyaraka mezani. Hapa soma kila mstari! Ukiona hapo ripoti ya kamati kuhusu muswada wako imewekwa mezani, maana yake umekaribia. Kanuni zinataka zipite siku tatu kati ya ripoti kuwekwa na mjadala wake ili wabunge wasome. Hata hivyo mtu anaweza kusimama akatoa hoja kanuni hiyo isimamishwe, Bunge likikubali mjadala unaanza hapo hapo. Miswada yenye haraka huwa inapitia mlango huo.

Kisha taarifa za mawaziri, hoja mbalimbali, na miswada yenyewe. Tafuta herufi kubwa. "Bills First Reading" tumeshaiongelea. "Bills Second Reading" ndo mjadala wa wazo zima la muswada, waziri anaeleza, mwenyekiti wa kamati anasoma ripoti, wachache wanasoma yao, wabunge wanachangia, kisha kura kwamba usomwe mara ya pili. "Bills Committee Stage" ni kamati ya Bunge zima, kifungu kwa kifungu. "Bills Third Reading" ni kufunga.

Sikiliza kitu kimoja ukiwa unafuatilia kwenye redio au laivu ya YouTube huku unafanya kazi. Wabunge wakiwa wanamwita anayeongoza Spika, bado mko kwenye mjadala wa jumla. Wakianza kumwita Mwenyekiti, mtu ni yule yule kiti ni kile kile, ila sasa wameingia kwenye vifungu. Acha unachofanya usikilize. Hapo kifungu kinaitwa kwa namba, kama hakuna marekebisho kinapita kwa sauti za ndiyo na siyo kwa sekunde chache, kama yapo mwenyekiti wa kamati anasoma maneno mapya na sababu. Vifungu ishirini vinaweza kwenda ndani ya nusu saa. Kile cha tafsiri ya maneno mara nyingi kinaachwa hadi mwisho, na ukiona wamerudi kwenye hicho ujue wanamaliza. Baada ya hapo kuna hoja tatu mfululizo, Bunge lirudi, ripoti ipokelewe, muswada usomwe mara ya tatu, na zinakwenda haraka mno. Nafasi ya mwisho iliyobaki ni mbunge kuomba kifungu fulani kirudishwe kamatini kabla ya hiyo mara ya tatu. Kama una mbunge rafiki, huo ndo wakati wa kumtumia meseji, si kesho yake.

Sasa shuka chini kabisa ya karatasi. Kuna sehemu imeandikwa "Notice of Business to Follow". Hiyo ni orodha ya yanayofuata siku nyingine. Watu hawasomi pale kwa sababu si ya leo, lakini mimi ndo naanzia pale napanda juu. Mambo mengi yanaingia pale kwanza, yanakaa, kisha yanapanda. Weka oda pepa ya wiki iliyopita na ya wiki hii pamoja uangalie mstari wako umehama vipi. Umepanda kutoka chini hadi kwenye ratiba ya leo? Kaa macho. Umekaa pale pale mwezi mzima? Kuna kitu kimekwama. Umetoweka? Hapo piga simu kwa karani, maana kutoweka kuna maana mbili, ama waziri ameomba muda ama wakubwa wameukalia.

Mbona uko kwenye ratiba na haufiki?

Sababu ya kawaida kabisa ni waziri hayupo. Muswada hauwezi kusogezwa na mtu asiyekuwepo, na kiti cha mbele cha serikali kuwa kitupu ni jambo ambalo Spika baada ya Spika wamelilalamikia hadharani.

Ya pili ni akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo. Katiba, ibara ya 88, inataka wakati wa kupiga kura iwepo theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura. Mbunge mmoja akisimama Alhamisi jioni akasema sioni akidi, Spika analazimika kuangalia, kikao kinasimama kwa dakika 15 kengele inalia, na wasipotimia kikao kinaweza kuahirishwa. Upinzani wanaitumia sana hiyo, ni silaha halali na ni ya bure. Na si mchezo maana ile sheria dhidi ya ushoga, iliyopitishwa Desemba 2013 na kutiwa saini Februari 2014, Mahakama ya Katiba iliifuta tarehe 1 Agosti 2014 kwa sababu akidi haikuwepo siku ya kupitisha, na Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa amelalamika ndani ya ukumbi siku ile ile. Aliyekuwa akifuatilia kwa makini alijua tangu Desemba kwamba kuna ufa.

Ya tatu ni pesa. Kila muswada unahitaji cheti cha athari za kifedha kutoka Wizara ya Fedha, kinachosema utagharimu kiasi gani. Waziri wa serikali anakipata bila taabu sana. Mbunge binafsi anaweza kuzungushwa. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inasema zikipita siku 60 tangu kuombwa, cheti kinahesabiwa kimetolewa, kwa hiyo mbunge akikwambia nasubiri cheti, muulize aliomba lini, tarehe gani.

Mbunge binafsi na muswada wake

Mbunge hawezi kuamka tu akasoma muswada mara ya kwanza. Lazima kwanza alete hoja ya kuomba ruhusa, aeleze kwa nini sheria hiyo inahitajika, Bunge likikubali ndo anakwenda kuutayarisha, na Katiba inamtaka Mwanasheria Mkuu wa Serikali amsaidie kuuandika. Halafu Gazeti la Serikali, halafu kusomwa, halafu kamati. Na ibara ya 93 inamkataza kuleta muswada unaoweka kodi au unaochota Mfuko Mkuu wa serikali, hiyo ni ya serikali peke yake.

Kwa hiyo ile hoja ya kuomba ruhusa ndo mlango halisi. Ndo maana Septemba 2017 viti viliruka ndani ya Bunge na watu wa usalama wakaingia kuwatoa wabunge. Muswada wa kuondoa kikomo cha umri wa Rais ulikuwa bado haujasomwa hata mara moja, ilikuwa hoja ya ruhusa tu ya mheshimiwa Magyezi. Wapinzani walijua, ukipita hapo na una serikali nyuma yako, ratiba itafunguka, na ilifunguka, Desemba mwaka huo huo ukapitishwa.

Hapo unaona pia kwamba kuitwa muswada binafsi hakumaanishi polepole. Ule wa mbunge Basalirwa wa 2023, wa mambo hayo hayo ya ushoga, ulisomwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi na kupitishwa tarehe 21 Machi. Kinachoangaliwa ni Spika anataka na wabunge wengi wanataka. Mingine ya wabunge binafsi, mizuri tu, imeganda miaka.

Msimu wa kodi uwekee kalenda yake

Hii haina siri, tarehe ziko kwenye sheria. Kufikia 31 Desemba serikali inaleta waraka wa mwelekeo wa bajeti. Kufikia 1 Aprili inaleta bajeti yenyewe, na miswada ya kodi inakuja kipindi hicho, kodi ya mapato, VAT, ushuru wa bidhaa, stempu, kila mwaka marekebisho. Kufikia 31 Mei Bunge liwe limepitisha. Juni waziri anasoma hotuba ya bajeti ambayo watu wote wanaitazama na vyombo vya habari vinaweka saa ya kuhesabu muda. 1 Julai inaanza kuumiza.

Ukiangalia vizuri hiyo hotuba ya Juni inakuja baada ya kila kitu kuamuliwa. Ni tangazo. Dirisha lako ni Aprili na wiki za mwanzo za Mei, na katika wiki hizo miswada mingine yote inakaa pembeni kwa sababu bajeti inakula ratiba. Kama una muswada ambao si wa kodi na unataka uende haraka, usiutegemee Mei. Kama una muswada mbaya unaouogopa, Mei uangalie mara mbili, maana watu wakiwa wanatazama kodi vitu vingine vinapitishwa kwa kasi. Ule wa UPDF ulikuwa Mei.

Na mwaka wa mwisho wa Bunge la miaka mitano una hesabu yake. Miswada isiyomalizika ndani ya mwaka mmoja inaweza kuendelea mwaka unaofuata, lakini Bunge likivunjika ile iliyobaki inakufa nalo, labda Bunge jipya liamue kuiokoa. Ndo maana miezi ya mwisho kuna msongamano, kamati zinatoa ripoti usiku na mchana. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa Machi 2021, Bunge likamaliza muda wake Mei, na haukuwa sheria.

Ukishasomwa mara ya tatu

Katibu anaandaa nakala safi na inapelekwa kwa Rais. Ana siku 30. Anaweza kusaini, anaweza kuurudisha na barua ya anachotaka kibadilishwe, anaweza kukataa. Akikaa kimya zikaisha, unahesabika umekubaliwa. Siku 30 zinaanza akiupokea yeye, siyo siku wabunge walipopiga makofi, na kati ya hapo na pale kunaweza kupita wiki kadhaa, kwa hiyo uliza ofisi ya Katibu umepelekwa tarehe ngapi.

Ukirudishwa, barua ya Rais inasomwa ukumbini, na utaiona kwenye oda pepa chini ya mawasiliano ya Spika au kama jambo lake lenyewe, kisha muswada unarudi kwa kamati ile ile na karani yule yule. Peleka barua yako tena, ila safari hii jibu hoja za Rais peke yake, vifungu vingine havifunguliwi upya. Na ukisainiwa, nunua nakala ya sheria yenyewe uangalie kifungu cha kuanza kutumika, maana nyingine zinaanza siku ya kuchapishwa na nyingine zinasubiri waziri atangaze tarehe.